Gari inabugia mafuta na bei imepanda: majibu kwa maswali yenu

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za mafuta. Nilijua tu, maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakishatangaza bei kikomo simu yangu haitulii, na bei ikipanda ndo kabisa. Nimechagua chache ambazo zinawagusa wengi. Kwenye hesabu zangu zote za Tanzania nimetumia shilingi 3,000 kwa lita ili tuelewane kirahisi, wewe weka bei ya kwenu, maana bei ya Dar sio ya Tanga wala ya Mtwara, na ukiwa mbali na bandari kama Kigoma gharama ya kusafirisha nayo imo humohumo.

Shikamoo fundi. Nina IST ya cc 1300, naishi Goba kazi yangu iko Posta. Zamani nikiweka elfu sabini Jumatatu inanifikisha Ijumaa na inabaki, siku hizi Alhamisi taa ya mafuta imeshawaka. Fundi wa huku mtaani kasema nozo zimekufa nibadilishe zote nne. Nina watoto watatu wako shule hela hiyo sina, nisaidie. Mama watatu, Goba

Marahaba mwanangu. Kwanza usinunue hizo nozo, vile vipulizia mafuta vya kwenye injini, subiri. Unahesabu mafuta kwa shilingi, na shilingi zinakudanganya. Elfu sabini lita ikiwa 2,700 unapata karibu lita 26, lita ikifika 3,000 elfu sabini ileile inakupa lita 23 na kidogo, yaani lita mbili na nusu zimeondoka kabla hujawasha gari, na kwa IST kwenye foleni zetu hizo ni kilomita 25 hivi au zaidi. Hapo gari haina kosa lolote. Ndo maana kila anayekuja gereji kwangu analalamika mafuta namuuliza swali moja tu, gari yako inatembea kilomita ngapi kwa lita, na wengi hawajui.

Sasa fanya hivi wiki hii. Nenda sheli moja unayoiamini, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, usimwambie kijana aongezee kidogo afike namba ya mviringo, maana ukizidisha mafuta yanaweza kuingia kwenye kichujio cha mvuke na kukiharibu. Weka kile kihesabu kidogo cha kilomita kwenye sifuri. Tembea siku zako kama kawaida, ikifika nusu rudi sheli ileile na kama unaweza pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Chukua kilomita ulizotembea gawanya kwa lita alizokuwekea sasa hivi. Umetembea 198 zikaingia lita 18, una kilomita 11 kwa lita. Rudia mara mbili tatu, mara moja haitoshi. Ukipata 11 au 12 kwa foleni ya Goba mpaka Posta gari yako nzima kabisa mwanangu, tatizo ni bei. Ukipata 8 au 9 basi kuna kitu, na hicho kitu tunakitafuta kuanzia cha bei rahisi kwenda cha bei ghali, sio kuanzia nozo.

Cha bure kabisa ni upepo. Fungua mlango wa dereva utaona stika kwenye nguzo imeandikwa upepo wa matairi, ukikuta 230 kPa hiyo ni kama PSI 33. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi na usikubali fundi pancha apige kwa jicho. Kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote nne unapoteza mafuta kidogo sana, kama asilimia 0.2, ila gari nyingi ninazopima huwa zimepungua PSI nane au kumi na mwenyewe hana habari, na tairi zinaisha pembeni. Wala usizidishe mpaka 45 ukidhani utasevu zaidi, breki zitakuwa za hatari mvua ikinyesha.

Cha pili, breki inayoshika. Ukifika nyumbani baada ya safari sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa, zunguka zote nne, ukikuta moja inatoa joto kuliko zenzake hiyo breki haiachii, unaendesha huku umekanyaga breki bila kujua. Nimewahi kuletewa gari mwenye nayo ameshajipanga kubadilisha injini sababu ya mafuta, kumbe ni kebo ya breki ya mkono imeshika kutu. Iliniuma maana mzee wa watu alikuwa ameshakopa hiyo hela.

Cha tatu naomba mafundi wenzangu mnisamehe lakini lazima niseme. Themostati, ile valvu ya maji ya kupoozea injini. Hapa kwetu gari ikichemsha kidogo tu tunatoa themostati tunatupa, tunasema ni ya nchi za baridi. Sio kweli. Kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo, ukiitoa injini inakaa ya baridi muda mrefu, sensa inaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, bado baridi, na kontroli boksi inaongeza mafuta kama vile gari ndo imewashwa asubuhi, hivohivo safari nzima. Muulize fundi wako kama alishaitoa. Mpya sio ghali, na weka kulanti kwenye rejeta sio maji ya bomba. Kama gari ilikuwa inachemsha tafuta kwanini inachemsha, inaweza kuwa feni, rejeta imeziba, au pampu ya maji.

Hapo ndo tufike kwenye plagi na sensa ya oksijeni, na taa ya chek injini kama inawaka usiizoee. Nozo ziwe za mwisho, na hata hizo husafishwa na kupimwa kabla ya kubadilishwa. Eya klina badilisha kwa afya ya injini, ila kwa gari za nozo kama yako sitegemei uone tofauti kubwa ya mafuta, kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yenyewe, utaona tu gari nzito kuondoka.

Afu mguu wako. Njia ya Goba ina matuta, wewe ukitoka tuta moja unakanyaga mpaka 60 afu unashika breki ya tuta linalofuata, mafuta yote uliyoyachoma kupata ile spidi umeyageuza joto la breki. Ondoka taratibu, ukiona mbele wamesimama toa mguu mapema gari iende yenyewe. Wamarekani waliopima wanasema kuendesha kwa hasira kwenye foleni kunaweza kukupunguzia kilomita kwa lita kati ya asilimia 10 na 40, na mimi kwa wateja wangu naamini, mume na mke gari moja wanapata namba tofauti kabisa.

Ngoja nikuwekee hesabu. Kilomita 50 kwa siku, siku 22, ni 1,100 kwa mwezi. Kwa kilomita 9 kwa lita ni lita 122, kama 366,000. Kwa 11 ni lita 100, 300,000. Elfu 66 kila mwezi na hujanunua nozo hata moja. Na kama kuna jirani anashuka mjini saa yako muongee mchangie, siku moja gari yako siku moja yake, hakuna marekebisho ya gari yatakayokupa nusu ya mafuta kama hilo.

Fundi mambo. Mimi boda Kimara, Boxer. Bosi hesabu yake ya kila siku haipungui hata bei ikipanda, mafuta yanamaliza yote. Kuna jamaa anauza sumaku unafunga kwenye mpira wa mafuta, anasema unasevu asilimia 30, na vidonge vya kutia kwenye tenki. Nichukue?

Poa mdogo wangu. Usichukue, hela ya sumaku nunua chakula. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imekagua na kupima vifaa zaidi ya mia vya namna hiyo kwa miaka mingi na haikupata hata kimoja kilichopunguza mafuta kwa kiwango cha maana. Sumaku haiwezi kufanya chochote kwa petroli. Kingekuwa kinasevu asilimia 30 wenye kiwanda wangekifunga wenyewe.

Boxer yako ina kabureta, kwa hiyo kwako wewe eya klina chafu inakula mafuta, sio kama kwa yule dada wa IST, hakuna kompyuta ya kurekebisha, hewa ikipungua mafuta yanazidi tu. Vumbi la Kimara unalijua, pukuta au badilisha mara kwa mara. Angalia choki, ile ya kuwashia pikipiki ikiwa ya baridi, vijana wengi wanawasha asubuhi na choki wanaisahau mpaka saa nne. Chomoa plagi uiangalie, ikiwa nyeusi ina masizi makavu mchanganyiko wako mafuta yamezidi, peleka kabureta ikasetiwe, ikiwa rangi ya kahawia hapo sawa. Mnyororo kaza na utie oili. Klachi usiwe unaishikilia nusunusu ukisubiri abiria. Na kijiweni zima pikipiki, najua unataka abiria akuone uko tayari ila kuunguruma hakumleti.

Kuhusu bosi, andika. Daftari la elfu moja, kila siku lita, kilomita, na hela uliyopata. Umpelekee mwezi mzima. Bosi wengi hawabadilishi hesabu kwa maneno ila nimeona wanaobadilisha kwa daftari.

Habari mzee. Naendesha Canter, viazi kutoka Makambako kwenda Dar. Wenzangu wanasema mlima Kitonga unashuka na frii, unasevu lita nyingi. Mimi huwa naogopa lakini mafuta nanunua mimi kwenye posho, nikizidisha nakatwa. Ukweli ni upi?

Ukweli ni kwamba wenzako wanakupoteza, na nakujibu kwa uzito wote kwa sababu Kitonga tumezika watu.

Sikiliza jinsi injini inavofanya kazi. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoa kwenye pedeli, matairi ndo yanaizungusha injini, pampu ya dizeli inakata mafuta kabisa, hata tone. Ukiweka frii, yaani umetoa gia, injini haizungushwi na kitu, kwa hiyo lazima inywe mafuta isizime, ile tunayoita sailensa. Umeelewa? Frii inakula, gia haili. Yaani unahatarisha roho yako na ya turnboy wako ili utumie mafuta ZAIDI kwenye mteremko. Wanaoona wanasevu ni kwamba lori linakimbia kwa hiyo wanaona wamefika haraka. Na wanaozima injini kabisa hao hata sijui niwaambie nini, breki yako inategemea injini inayozunguka, ukizima unaweza kukanyaga breki mara chache tu afu basi.

Na frii na tani zako za viazi breki peke yake ndo inabeba mzigo wote, zile kona ni nyingi, breki inachemka mpaka unakanyaga inazama na haishiki. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, eksosi breki, ile inayobana moshi wa injini, washa, breki ya mguu kanyaga kwa vipindi sio kushikilia. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ukishachelewa haiingii.

Mafuta yako yapo kwingine kabisa. Turubai limefungwaje? Turubai linalopepea ni parashuti. Tairi upepo, hasa zile za ndani za nyuma ambazo hakuna anayeziangalia. Na spidi, Mikumi utaenda pole tu kwa ajili ya wanyama, sasa usitoke pale ukajaribu kufidia muda mpaka Morogoro, hapo ndo posho inaungua. Tajiri akikukata waambie wapime lita kwa safari tano mfululizo ikiwa na mzigo na ikiwa tupu, posho ipangwe kwa hiyo namba, sio kwa kukisia.

Assalaam aleikum fundi. Nawasoma nikiwa Likoni, Mombasa. Nina Vitz. Huku EPRA, wadhibiti wetu wa nishati, wakitangaza bei tarehe 14 sote twakimbia kujaza kabla ya saa sita usiku. Mzee mmoja aniambia nijaze alfajiri kwa sababu petroli ya baridi ni nzito, napata zaidi kwa pesa ileile. Na je, nikienda Voi nifunge AC nifungue madirisha?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Bado nakumbuka Septemba 2023 mlipoambiwa shilingi 211.64 za Kenya kwa lita Nairobi, mara ya kwanza kuvuka mia mbili, poleni.

La alfajiri. Huyo mzee ana nusu ya ukweli. Petroli kweli hutanuka kwa joto, kila digrii moja inaongezeka kama sehemu moja kwa elfu. Lakini tenki za sheli zimefukiwa chini ya ardhi na joto la kule chini halibadiliki kati ya alfajiri na adhuhuri kiasi cha wewe kuona. Hata likibadilika digrii mbili, kwa lita 30 ni kama mililita 60, kikombe cha kahawa. Lala, ukajaze ukiwa unapita. Tarehe 14 nayo, kama tofauti ni shilingi tatu na unajaza lita 30 umeokoa shilingi 90, ukikaa foleni nusu saa injini ikiunguruma na AC sehemu kubwa ya hiyo 90 inaondoka. Ikipanda shilingi kumi na tano hapo nenda, ila zima gari ukisubiri.

Kitu cha kuangalia pampuni ni kwamba imeanza kwenye sifuri kabla hajabonyeza, na usiwe kwenye simu.

AC: mjini pole pole fungua madirisha, ukishika 80 barabara ya Voi funga madirisha washa AC, maana dirisha wazi kwenye spidi linavuta gari nyuma. Ila AC sio kitu kikubwa kama spidi yenyewe. Upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia mara mbili. Kilomita 150 hivi za Voi ukienda na 90 badala ya 110 unachelewa kama dakika 20 tu na Vitz yako itakushukuru. Na kama una keria juu na hubebi kitu, ivue.

Naweka elfu kumi kumi kila siku, nasikia ndo inamaliza mafuta. Mwanafunzi, Dodoma

Haimalizi, lita ni lita. Tatizo ni mbili, huwezi kupima kilomita zako, na tenki likiwa kwenye taa kila siku pampu ya ndani inakosa petroli ya kuipooza na inakufa mapema. Ukiweza anzia nusu tenki mara moja tu, afu endelea na kumi kumi zako ukiwa huko juu.

Fundi, mimi dereva wa gari za mtandaoni hapa Dar, Mwenge na Sinza ndo kijiwe. Natembea kama kilomita 150 kwa siku. Wenzangu wamefunga gesi, wengine wanasifia wengine wanalia foleni. Nifunge?

Kaka, kwako wewe jibu ni ndio, na nitakuonyesha kwanini kwako ndio na kwa mwingine labda.

Kilomita 150 kwa kilomita 11 kwa lita ni kama lita 13.6, karibu elfu 41 kwa siku. Kilo moja ya CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, ina nguvu ya lita moja na nusu hivi ya petroli, kwa hiyo unahitaji kilo 9 na kidogo. Kwa bei iliyozoeleka miaka hii ya karibuni ya 1,550 kwa kilo ni kama elfu 14. Unabakiza 26,000 au 27,000 kila siku. Gharama ya kufunga inategemea gari na ukubwa wa mtungi, tuseme milioni mbili, siku 75 hivi za kazi imerudi. Yule dada wa Goba anayetembea kilomita 50 siku za kazi tu itamchukua miezi kumi, bado ina faida ila sio haraka. Na gesi hii ni yetu, ya Songosongo na Mnazi Bay, bei yake haipandi na kushuka kila Jumatano ya kwanza kama petroli.

Sasa vilio vyao navyo ni vya kweli. Vituo bado vichache kuliko magari yaliyofungwa, kuna siku mtu anakaa saa mbili tatu, na saa mbili za jioni kwako ni abiria watatu au wanne, hiyo hela uitoe kwenye ile 26,000. Wanaofaidi wanajaza usiku wa manane au alfajiri sana. Mtungi unakula buti, abiria wa airport mwenye mabegi mawili utamkosa au utaweka begi siti ya mbele. Nguvu inapungua kidogo, mlima utausikia. Petroli inabaki, gari inawaka na petroli afu inahamia gesi yenyewe, kwa hiyo usiache tenki likauke.

Kitu kimoja nakuomba kama mdogo wangu wa damu. Usifungiwe chini ya mwembe kwa sababu ni rahisi. CNG inakaa kwenye mtungi kwa presha ya karibu ba 200, mtungi wa gesi ya kupikia haufiki hata ishirini, ni vitu viwili tofauti na hakuna kuchanganya mtungi, mpira wala valvu. Nenda sehemu inayotambulika, DIT, chuo cha teknolojia cha Dar pale mjini, wamefanya kazi hii miaka mingi na wamefundisha mafundi wengi. Kabla hujalipa mwambie fundi akuonyeshe mtungi wenyewe, kwenye shingo yake kumegongwa mwaka uliotengenezwa na presha uliyopimwa, piga picha hayo maandishi, afu dai cheti chenye namba hiyohiyo. Namba zisipofanana ondoka na gari yako.